Nyuki wa Raskazone

Raskazone, Tanga
14 Aprili 2025

Shangazi yangu Nasra,

Shikamoo. Hapa nyumbani wote wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo yamegoma tangu mvua zianze. Baba amenunua bajaji. Ameipaka bluu, ameiandika jina lako ubavuni bila kukuuliza, na mpaka leo haijavuka geti kwa sababu anaogopa magari. Kila asubuhi anaifuta, anakaa ndani, anasoma gazeti. Mama anasema hajawahi kuona mtu akinunua sebule yenye magurudumu matatu.

Najua umeshangaa kuletewa karatasi na Bibiana wa machungwa badala ya kupigiwa simu. Simu yangu nzima, imo kabatini. Nimekula kiapo. Nitakueleza, na nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho.

Kuna vitabu vinaitwa Milki ya Nyuki. Vimetoka vitano. Ni habari za nchi ambayo watu wake husema na nyuki, na vita vyao na Wavuta Moshi wanaotaka kuwatoa katika mapango yao. Mwandishi ni I. Zebedayo, na hakuna anayejua anakaa wapi. Yona, kiongozi wetu, anasema lazima ni mzee aliyewahi kuwa jeshini, kwa anavyojua kupanga vita. Sisi wasomaji wa hapa Tanga tuna chama chetu, tunakiita Mzinga. Tumefika sitini. Tukikutana mmoja husema "Asali," mwenzake hujibu "Na mwiba." Tuna mavazi ya njano na nyeusi, na tukiwa wengi tunavuma, midomo imefungwa, mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka.

Kitabu cha tano kiliishia pale Makame Mwiba, shujaa wetu, anapotumbukia kisimani. Ukurasa ukaisha hapohapo. Huu mwaka wa pili, cha sita hakijatoka. Mzinga umegawanyika: kuna Wahai, wanaosema Makame yu hai, na kuna Wafiwa. Wafiwa walivaa nyeusi siku arobaini na wakapika pilau ya msiba. Mimi ni Mhai. Queen, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, ni Mfiwa, na siku hizi hatusalimiani.

Sasa kiapo. Katika Milki habari zote hupelekwa kwa karatasi, basi tumeapa kutogusa simu mpaka kitabu cha sita kitoke. Walimu wenzangu pale chekechea wananionea huruma.

Nijibu kwa mkono wa Bibiana.

Mwanao,
Samiha


Muheza
9 Mei 2025

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Mie mzima, ila jicho la kushoto limeingia ukungu na sasa nauona mji nusu. Mwambie baba yako kwamba kitu chenye jina langu hakiwekwi ndani kama mwari. Ama kitoke, ama jina lifutwe. Magoti ya wifi yangu ayakande kwa mafuta ya karafuu.

Nimecheka kabla sijafika mwisho, nisamehe. Kumpikia mtu wa kitabuni pilau ya msiba, sijui mashekhe wanasemaje. Nadhani mpishi hana dhambi na walaji hawana njaa, basi yamekwisha. Lakini wewe na Queen mliachishwa ziwa mwezi mmoja. Mtu aliyetumbukia kisima cha wino ndiye wa kuwatenganisha?

Huniulizi, lakini nakwambia kwa nini nimechelewa kujibu. Nina jirani, Bi Imakulata, mwalimu mstaafu. Mwaka juzi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Kwa kuwa mie nilikuwa mpiga chapa ofisi ya mkonge miaka ishirini na nane, namsaidia kuandika barua na mambo yake mengine. Ni mwanamke mkali wa maneno. Nikikosea koma anaigundua kwa kusikiliza.

Hebu nikuulize. Huyo Zebedayo wenu, mmewahi kumwandikia? Wewe mwenyewe uliwahi? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Nasra


Raskazone
2 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Pole na jicho. Baba anasema ni mtoto wa jicho, na ukungu huo hapa mjini wanautoa vizuri, njoo ukae na sisi. Mama amejikanda kwa karafuu, sasa nyumba nzima inanukia kama pilau. Bajaji imetoka. Imefika kona, imerudi.

Kuhusu kumwandikia Zebedayo, wengi walimwandikia kupitia kwa wachapaji. Tuyaache hayo.

Nina habari kubwa zaidi. Yona amepata sanduku lake la barua. Aliona bahasha kwa mtu wa matbaa, na sanduku lenyewe liko Muheza. Muheza kwako, Shangazi. Pengine umewahi kupishana naye sokoni akichagua machungwa na hukujua. Tumekata shauri: Jumamosi ya tarehe 26 Julai tunakuja, Wahai na Wafiwa pamoja, kusimama pale posta mpaka aje kuchukua barua zake. Tunataka atuambie jambo moja tu, Makame yu hai au la.

Naomba utupe pa kulala watu saba. Sakafuni panatosha.

Samiha


Muheza
27 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Bibiana alikuwa na homa wiki mbili, ndiyo sababu nimechelewa.

Sina nafasi. Chumba cha wageni kinavuja. Kile kingine nimeweka mahindi. Sebuleni kuna kunguni, tena wakali. Na Julai yote nina wageni kutoka Pangani, idadi yao siijui.

Na hata mkimpata, mtamfanya nini? Mtu amekaa kwake, ana sababu zake za kunyamaza. Nyie sitini mna sauti, yeye ana moja. Katika kuvuma kwenu kuna aliyewahi kujiuliza kama mtu huyo anaumwa?

Hukunijibu swali langu. Nimeliona pengo lake kwenye barua yako, kubwa kama jino lililong'oka.

Msije.

Shangazi yako


Raskazone
30 Julai 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, nitaanzia posta.

Tulikuwa thelathini na wawili, na njano na nyeusi zetu. Wenye machungwa walidhani sisi ni washabiki wa mpira. Mama mmoja akauliza timu gani, Queen akamjibu, "Hatuna timu, tuna msiba." Tulisimama tangu saa tatu. Saa kumi nikavuka barabara kununua machungwa, na nilipogeuka nikaona wenzangu wote wanaondoka kwa kasi, wanavuma. Yona alikuwa ameona mwanamke mwenye mwavuli akifungua sanduku lile na kutoa furushi la barua. Nikakimbia nyuma yao. Sikuuona uso wake, niliona mgongo tu, na ndala moja iliyobaki njiani. Niliiokota. Wallahi sikuijua kuwa ni yako.

Nilipopenya mpaka mbele, ulikuwa umesimama mlangoni pa ua wa jirani yako, mguu mmoja wazi. Nyuma yako, barazani, yule bibi alikuwa anajaribu kuinuka kwa mkono mmoja. Kisha kiti kikaanguka naye. Kuvuma kulikuwa bado kunaendelea. Ukaniona. Ukasema, taratibu kabisa, "Samiha, wanyamazishe watu wako."

Mengine unayajua, lakini hukusikia niliyowaambia kule nje, kwa kuwa ulikuwa ndani unamnyanyua. Niliwaambia huyu ni shangazi yangu. Nikasema humchukulia barua mzee mmoja aliyehama Muheza zamani, na sasa anaishi Mwera, wilaya ya Pangani. Yona akaniuliza, "Mwera upande gani?" Nikasema, "Karibu na mkonge." Jina Mwera lilinijia tu. Wakaniamini, kwa sababu katika Mzinga mimi sijawahi kusema uongo.

Sikukuuliza siku ile na sikuulizi leo. Lakini barazani niliona taipureta, na pembeni rundo la karatasi lililofunikwa kwa kitambaa cha njano.

Bibi hajambo? Hilo tu nijibu.

Ndala yako nimeifunga pamoja na barua hii.

Samiha


Muheza
6 Septemba 2025

Mwanangu Samiha,

Marahaba. Bi Imakulata hajambo. Aliumia nyonga kidogo, akalala siku nne, ya tano akaanza kunisahihisha koma. Nimechelewa kukuandikia kwa kuwa nilikuwa napima maneno, si kwa Bibiana.

Ulichoona ndicho. I ni Imakulata, Zebedayo ni marehemu baba yake. Hajawahi kushika bunduki. Vita vyote vile alijifunza kwa kufundisha darasa la nne miaka thelathini na tano. Nilimwahidi kwamba siri haitatoka kinywani mwangu, na haikutoka, imetoka mguuni. Nilidhani mmenisikia na hamji, na kwa jicho hili sikuwaona pale posta mpaka mlipovuma. Nakushukuru kwa ule uongo wa Mwera. Sipendi uongo, ila ule nimeupokea.

Sasa sikiliza kwa nini alinyamaza. Kitabu cha tano kilipotoka, barua zililetwa kwa gunia. Kuna aliyemtia nyuki mfu ndani ya bahasha. Kuna aliyechora kisima na kaburi, akaandika jina lake juu. Mwezi wa kumi na moja akapata kiharusi. Miezi ile ya kwanza herufi zilikuwa zinamchezea machoni, basi mie nikawa namsomea.

Wiki tatu baada ya mkono kupooza nikafungua barua kutoka Raskazone. Haikuwa na jina. Lakini mwandiko niliujua, kwa kuwa mie ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kuandika, na S yako ina mkia mpaka leo. Iliandikwa: "Mkono ulioandika ukurasa ule na ukauke."

Niliisoma kwa sauti, Samiha, kwa sababu alikuwa ananiangalia. Lakini nilisoma hivi: "Mkono ulioandika ukurasa ule na upone." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Huyu mtu amejuaje kama naumwa?" Nikasema wasomaji wake wana mambo. Akaiacha chai yake ikapoa. Kesho yake asubuhi akaniita, akasema nitie karatasi kwenye mashine, na hapo ndipo kitabu cha sita kilipoanza.

Basi usilale ukidhani ulimroga. Mkono ulikuwa umeshapooza. Lakini nilitaka ujue maneno yako yalifika wapi.

Shangazi yako,
Nasra


Raskazone
25 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo.

Ni mimi. Niliandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za chekechea, watoto wamelala mchana. Nilidhani mwandishi wa vitabu ni kama mvua, kwamba unaweza kuitukana na isisikie. Nimeanza barua ya kumwomba radhi mara sita na kila mara S yangu inanitazama.

Nimejitoa Mzinga. Sikueleza sababu, nao wamesema nimehamia kwa Wavuta Moshi. Kiapo cha karatasi nimebaki nacho peke yangu; naona nastahili.

Yona amempata mzee Mwera. Anaitwa Zebedayo kwelikweli, aliwahi kukata mkonge, hajui kusoma, na ana mizinga miwili nyuma ya nyumba. Alipoulizwa kama Makame yu hai, akajibu, "Mungu ndiye ajuaye, karibuni uji." Sasa kila mwisho wa wiki wanampelekea sukari na kumlimia shamba, na maneno yake wanayaandika daftarini. Nimeshindwa kujua kama nicheke.

Baba amefika na bajaji mpaka sokoni. Alirudi akiisukuma, lakini alifika.

Samiha


Muheza
17 Novemba 2025

Mwanangu,

Marahaba. Mzee wa Mwera mwacheni, analimiwa, hajambo.

Jicho langu limekataa. Wiki jana nimempigia Bi Imakulata ukurasa mzima na utepe haukuwa na wino, sikuona. Daktari amenipa tarehe 4 Desemba hapo mjini, na baba yako ameapa kunipokea stendi na bajaji. Niombee.

Tumefika sura ya kumi na tisa. Zimebaki tatu. Makame bado yumo kisimani, na sijui anatokaje au kama anatoka, kwa sababu mwanamke huyu hasemi neno mpaka alitamke. Hawezi kungoja mpaka nipone. Anasema sura zikilala zinachacha. Nimemuuliza nimletee nani. Akasema, "Niletee yule binti wa Raskazone aliyeniombea mkono." Sikumwambia kamwe kwamba namjua.

Shule ikifungwa, njoo. Utakachomwambia ni shauri lako, mie sitakutangulia.

Nasra


Muheza
15 Desemba 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole na jicho. Nalala kitandani kwako na kunguni sijawaona, kama nilivyotarajia.

Siku ya kwanza Bi Imakulata hakunipa nafasi ya kusema. Alinikalisha mbele ya mashine, akaanza kutamka, mimi nikifukuza herufi kwa vidole viwili. "Umeruka koma," akasema, na kweli nilikuwa nimeruka. Nilivumilia mpaka adhuhuri. Kisha nikaondoa mikono kwenye mashine, nikamwambia, "Bibi, mimi sikukuombea. Shangazi alikusomea vingine. Niliandika mkono wako ukauke."

Akanitazama. Akasema, "Fungua saraka ya pili."

Barua yangu ilikuwamo, juu kabisa. Aliniambia macho yake yalipotulia, alizisoma barua zote upya mwenyewe. Na hata kabla ya hapo alikuwa ameshahisi. "Nasra hajui kusema uongo," akasema. "Sauti inampanda kama mtu anayepanda ngazi. Na nani Raskazone angejua nina mkono wa kupona? Kisha S hiyo yenye mkia nikaiona kwenye bahasha unazomletea."

Nikamuuliza, kwa nini basi umeniita?

"Kwa sababu kitabu hiki sikukianza kwa dua," akasema. "Nilikianza kwa hasira. Wengine walinitisha kama watoto. Wewe uliandika sentensi moja, fupi, iliyonyooka, na iliniuma. Usiku wote nilisema, huyu nitamwonyesha kama mkono umekauka."

Nikaanza kumwomba radhi, na machozi yakanizuia. Akaningoja nimalize. Halafu akasema radhi nimepewa, ila ile haikuwa haki yangu kuiandika, na nisimwandikie mtu mwingine hivyo hata akiwa mbaya kuliko yeye. Nikasema sitaandika. Akasema, "Haya, tulikuwa wapi?"

Usimwambie kwamba nimekwambia kuhusu sauti yako.

Samiha


Raskazone
22 Desemba 2025

Kwako Samiha,

Anayesema ni shangazi yako, anayenisomea na kuandika ni mama yako, maana jicho bado limefungwa, naye ameapa siri haitoki. Marahaba. Kaka yangu alinipokea stendi. Tulikwenda polepole, tukapitwa na mtu mwenye mkokoteni, lakini tulifika na jina langu ubavuni.

Sauti yangu haipandi. Mama yako anasema inapanda. Yeye aandike ninachosema tu.

Nimemuuliza daktari kama kutojua kunaweza kuchelewesha jicho kupona. Amesema hapana, lakini ni kijana, hajui mambo. Nimeandika sura kumi na tisa kwa mikono yangu. Ninastahili kujua kilichomo kisimani. Niandikie neno moja tu: yu hai, au hayu hai.

Queen alikuja jana kunijulia hali, akaleta vitumbua. Alikuuliza wewe. Sikumwambia uko wapi wala unafanya nini. Nimemwambia ukirudi atakukuta nyumbani, naye akasema atakuja.

Mama yako naye anasalimu, na anasema hata yeye sasa anataka kujua.

Nasra


Muheza
3 Januari 2026

Shangazi yangu, na Mama unayemsomea,

Shikamooni.

Siwezi kuandika neno hilo. Barua hii itasomwa kwa sauti sebuleni, na nusu ya Mzinga hupita pale kwenda kuogelea; fungeni madirisha kwa ajili ya jina la Bibi, lakini neno hilo hata yakifungwa silitoi. Utangoja kitabu pamoja na wengine. Queen nimemwandikia kando. Nimemuuliza hali ya mama yake na mambo yetu mengine, na kuhusu Makame sikugusa.

Lakini nitakueleza jinsi tulivyofika mwisho, hilo halijakatazwa.

Jana asubuhi tulifika kisimani. Zinduna, mwenzake Makame, amesimama ukingoni na kamba mkononi. Bi Imakulata akaegemea kiti. Nilidhani amechoka. Akaniuliza, "Wewe ulitaka iweje?"

Shangazi, miaka miwili nimegombana na watu kwa ajili ya jibu hilo. Nimeacha simu, nimemwacha rafiki, nimemwandikia mgonjwa laana. Na pale nilipoulizwa, mkono juu ya mashine, niliona jibu hilo si langu. Nilimtazama yeye, na ule mkono wake umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kushika. Nikamwambia, "Bibi, tamka ulivyokusudia. Mimi nitaandika."

Akatamka. Ilikuwa sentensi moja. Niliipiga herufi kwa herufi, nikachomoa karatasi, nikamsomea kama ilivyo, sikuongeza wala sikupunguza, na sauti yangu ilikwenda sawa.

Akafumba macho akisikiliza. Kisha akasema, "Weka nukta hapo. Halafu bandika chai."